Kasha la gita mezani pa ukaguzi

Wanamuziki wa Kongo, Tanzania, Kenya na Rwanda hupita kwetu mara kwa mara, nao wa kwetu huenda kwao. Hapo zamani safari hizo zilikuwa za basi, za gari moshi na za meli ziwani. Bendi ikitoka Zaire ya siku zile iliingia Kampala kwa barabara, ikapiga muziki kwa miezi kadhaa katika vilabu vya mjini, kisha ikashika njia ya Nairobi au Dar es Salaam. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alifika Uganda na wenzake katikati ya miaka ya 1970, akahamia Nairobi mwaka 1977, na huko baadaye akaiunda Orchestra Virunga ambayo jina lake lingali linatajwa. Magita ya siku hizo yalisafiri juu ya keria, katikati ya magunia na mikungu ya ndizi, na aliyeyakagua alikuwa askari wa mpakani.

Siku hizi wengi hupanda ndege. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, huwakusanya Ngome Kongwe, karibu kila Februari, wanamuziki kutoka pembe nyingi za Afrika. Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 kando ya Mto Nile karibu na Jinja, huleta wageni kupitia Entebbe. Tena tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, nchi hiyo yenye wapiga gita wengi kuliko zote katika eneo letu imekuwa jirani kwa maana mpya. Basi kasha refu la gita huwekwa mezani mbele ya askari wa kiwanja cha ndege, na nyuma yake hufuata spika, amplifaya, vipaza sauti, kompyuta na mafungu ya nyaya.

Tunaandika haya kwa ajili ya askari huyo. Mbele yake pana hatari mbili. Ya kwanza ni kulipitisha kasha bila kulifungua, kwa sababu ni la muziki na mwenyewe ni mtu maarufu au mchangamfu. Ya pili ni kulifungua kwa pupa, hata kikaharibika chombo ambacho mtu anakitegemea kwa chakula cha watoto wake. Hatari hizo mbili zaonekana kuwa zinapingana, lakini chanzo chake ni kimoja: askari hakijui kitu alicho nacho mkononi.

Tuanze na ile ya kwanza, maana ndiyo iliyomwaga damu. Tarehe 30 Mei 1972, watu watatu wa kundi la Jeshi Jekundu la Japani walishuka katika kiwanja cha Lod, Israeli, wakitoka Roma kwa ndege ya Air France. Walikuwa wamevaa nadhifu, na kwa masimulizi yaliyoenea sana walichukua makasha membamba ya fidla. Katika ukumbi wa abiria walitoa bunduki na mabomu ya mkono, wakaua watu 26. Miaka minne baadaye, mwezi Juni 1976, ndege nyingine ya Air France ilitekwa nyara baada ya kuruka kutoka Athens, ambako watekaji walipita na silaha katika mizigo yao, na mwisho wa mkasa ule ulikuwa hapa kwetu Entebbe. Hatuna haja ya kuyarudia yaliyofuata. Wazee wa jeshi na wa polisi wanayakumbuka. Tunalotaka likumbukwe ni kwamba uzembe wa meza moja ya ukaguzi huko Ugiriki uliangukia kiwanja kilicho mbali nao kwa maelfu ya kilomita.

Tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti. Watu 270 walikufa, 11 kati yao wakiwa majumbani mwao chini. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya redio kaseti ya Toshiba, kitu cha kusikilizia muziki ambacho wakati ule kilikuwa katika begi la kila kijana aliyerudi nyumbani kutoka ng'ambo. Na karibu nasi zaidi, tarehe 2 Februari 2016, ndege ya shirika la Daallo ilipasuliwa ubavu na bomu muda mfupi baada ya kuruka kutoka Mogadishu. Bomu hilo lilikuwa ndani ya kompyuta ya mkononi. Rubani aliweza kuirudisha ndege salama, na aliyekufa ni yule aliyelibeba bomu. Picha za kamera zilionyesha kwamba kompyuta ile alikabidhiwa na watu wanaofanya kazi palepale kiwanjani, naye alikuwa amekwisha kupita ukaguzi. Askari wetu waliokuwa wakitumika Somalia tangu mwaka 2007 hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Adui alimtumia mtu mwenye kitambulisho cha kazi, na mashine ya kukagulia, hata ingekuwa bora namna gani, haikumwona.

Lakini kisa ambacho kila ofisa wa kiwanja cha ndege angefaa kukijua neno kwa neno hakikumwaga damu hata tone moja. Nacho ni cha Carlos Ghosn.

Ghosn alikuwa mkuu wa kampuni za magari za Nissan na Renault. Alikamatwa Tokyo tarehe 19 Novemba 2018, akashitakiwa kwamba alificha sehemu ya mapato yake na kutumia vibaya mali ya kampuni, mashitaka ambayo aliyakana. Baadaye akaachiwa kwa dhamana ya yen bilioni 1.5, chini ya masharti makali, huku nyumba yake ikiangaliwa na kamera. Tarehe 29 Desemba 2019 alitoka nyumbani kwa miguu, akapanda gari moshi la kasi mpaka Osaka, akaingia katika hoteli iliyo karibu na kiwanja cha ndege cha Kansai. Katika chumba cha hoteli hiyo aliingia ndani ya kasha kubwa la vyombo vya muziki, kasha la namna ile inayotumiwa na bendi kubwa kubebea spika, lenye pembe za chuma na magurudumu. Chini yake yalikuwa yametobolewa matundu ya kupitishia hewa. Kasha likapelekwa kiwanjani, likapakiwa katika ndege ya kukodi, na usiku uleule likaruka kuelekea Istanbul. Huko Ghosn akabadili ndege, na tarehe 30 alikuwa Beirut. Ni raia wa Lebanoni kwa asili, na Lebanoni haiwakabidhi raia wake kwa nchi nyingine.

Je, kasha lilipitaje? Jibu lake ni la kusikitisha kwa wepesi wake: lilikuwa kubwa kuliko mdomo wa mashine ya eksirei. Kwa abiria wa ndege za kawaida, kasha lisiloingia katika mashine lingefunguliwa kwa mkono. Lakini kwa ndege za kukodi za watu binafsi, Japani ilikuwa imewaachia wenye ndege wenyewe waamue kama mizigo ikaguliwe au isikaguliwe, kwa hoja kwamba mwenye kukodi ndege hawezi kuilipua ndege aliyomo. Hoja hiyo ilikuwa na akili kuhusu mabomu, ikasahau kabisa kwamba mpaka wa nchi hulindwa pia dhidi ya wanaotoroka. Mapema mwaka 2020 serikali ya Japani iliagiza mizigo mikubwa ya ndege za kukodi ikaguliwe katika viwanja vyake vinne vikubwa. Agizo lilikuja baada ya ng'ombe kutoka zizini.

Wasomaji wetu watapenda kujua nani alipanga mpango ule. Alikuwa Mmarekani Michael Taylor, askari wa zamani wa kikosi maalumu cha jeshi la nchi yake, akisaidiwa na mwanawe Peter. Wote wawili walikamatwa Marekani, wakapelekwa Japani, na mwezi Julai 2021 mahakama ya Tokyo ikampa baba kifungo cha miaka miwili na mwana mwaka mmoja na miezi minane. Mtu aliyefunzwa kuvuka mistari ya adui alitazama viwanja vya ndege vya taifa lenye mashine bora kuliko zetu, akauona ufa mmoja. Akachagua kasha la muziki kwa kuwa kasha la muziki ni kubwa, ni zito, lina sababu ya kuwa kubwa na zito, na hakuna anayeona ajabu likisukumwa na watu wanne usiku.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza haina mjadala: kila kasha la muziki lifunguliwe, la abiria wa kawaida na la tajiri mwenye ndege yake. Lisiloingia katika mashine lifunguliwe zaidi ya yale yanayoingia.

Sasa tuigeukie hatari ya pili, ambayo wakubwa wa usalama huipuuza kwa kudhani ni manung'uniko ya wasanii. Mwezi Machi 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri kwa ndege ya United kupitia Chicago. Wenzake waliona dirishani wapakiaji wakirusha makasha ya magita. Alipofika mwisho wa safari alikuta gita lake limevunjika, na matengenezo yakamgharimu dola 1,200. Kwa miezi tisa shirika lilikataa kumlipa. Mwaka 2009 akatunga wimbo juu ya jambo hilo, ukasikilizwa na mamilioni ya watu duniani, na shirika likaona aibu ambayo dola 1,200 zingeizuia. Mwaka 2012 Marekani ilitunga sheria, ambayo kanuni zake zilianza kutumika Machi 2015, kwamba shirika la ndege halina budi kumruhusu abiria kuingia na gita au fidla yake ndani ya ndege iwapo nafasi ya kuiweka ipo wakati anapopanda.

Kwetu kila shirika hujipangia masharti yake, na mara nyingi neno la mwisho ni la yule anayesimama mlangoni. Tena ndege nyingi za safari fupi za huku, kama zile CRJ900 ambazo Uganda Airlines ilianza nazo upya mwaka 2019, zina vishubaka vidogo juu ya viti. Gita lenye urefu wa mita moja, likiwa katika kasha gumu, haliingii humo. Basi litakwenda chini kwa mizigo, na mwenyewe atabaki akiomba Mungu. Haya si makosa ya mtu. Lakini yafaa askari na mpakiaji wajue gita ni kitu gani. Nyuzi sita za chuma huivuta shingo yake kwa nguvu ya karibu kilo 70, mchana na usiku. Kasha likiangushwa kwa kisigino, nguvu hiyo pamoja na kishindo hukutana mahali pembamba nyuma ya kichwa cha gita, na hapo ndipo linapokatika. Gita likiachwa juani kwenye uwanja wa lami, gundi hulainika; likikaa katika hewa kavu ya juu, mbao hupasuka. Ndiyo maana mwanamuziki mzoefu hulegeza nyuzi kidogo na kujaza nguo kuzunguka shingo kabla ya safari. Askari akizikuta nguo hizo asidhani kwamba zimefichwa kitu. Azitoe, azikague, kisha azirudishe zilivyokuwa. Asilinyanyue gita kwa shingo. Asiliweke kifudifudi. Atazame ndani ya tundu la sauti kwa taa, atikise kwa upole, asikilize.

Kuna vitu vinavyotisha kwenye kioo cha eksirei ambavyo havina ubaya. Chini ya nyuzi za gita la umeme zimo sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, nazo huonekana kama donge jeusi. Vikanyagio vya kubadilisha sauti, vikipangwa juu ya ubao mmoja na kuunganishwa kwa nyaya na betri, vina sura ileile ya bomu la kienyeji ambayo askari ameonyeshwa mafunzoni. Tumekwisha kusema juu ya Lockerbie na Mogadishu, kwa hiyo hatuwezi kumlaumu anayesita. Asite, amwite mwenyewe, amwambie aeleze kila kimoja kazi yake, apitishe kile kitambaa cha kupimia mabaki ya baruti. Mpiga gita wa kweli huvijua vikanyagio vyake kama askari anavyoijua bunduki yake, na maelezo yake hayakawii.

Betri zina kanuni zake, nazo zafaa kukaririwa, kwa kuwa moto wa betri za lithiamu katika chumba cha mizigo ni vigumu kuuzima. Betri ya akiba haipelekwi chini kamwe. Hukaa na abiria. Isiyozidi saa-wati 100 hupita. Kati ya 100 na 160 yahitaji idhini ya shirika, na abiria haruhusiwi kubeba zaidi ya mbili za akiba. Zaidi ya 160 haisafiri na abiria. Spika nyingi za siku hizi za kupigia muziki barabarani zina betri ndani yake, na wenye nazo wengi hawaijui hesabu hiyo.

Forodha nayo ina mambo yake, na hapa jirani yetu Tanzania anahusika kwa namna ambayo wachache wanaifahamu. Mpingo, mti wa taifa wa nchi hiyo, ndio mbao zinazochongewa zumari za Kizungu kama klarineti na obo, dunia nzima. Tarehe 2 Januari 2017 mpingo na jamaa zake zote za jenasi ya Dalbergia ziliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ghafla maelfu ya magita na klarineti yakawa ni vitu vya kuulizwa hati. Kilio kilikuwa kikubwa, na tangu tarehe 26 Novemba 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa, isipokuwa zile za mti wa Brazili, Dalbergia nigra, ambao uko katika orodha ya kwanza tangu mwaka 1992. Ofisa anayekamata klarineti ya mpingo leo kwa kanuni ya 2017 anatumia amri iliyokwisha kufutwa. Pembe za ndovu ni jambo jingine. Mwaka 2014, huko New York, nyuta saba za fidla za okestra moja ya Budapest zilizuiwa na forodha zikishukiwa kuwa na vipande vya pembe za ndovu, na wapigaji wakalazimika kuazima nyingine. Hata hapa kwetu tuna la kuangalia: engalabi, ngoma ndefu ya Buganda, kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, naye kenge yumo katika orodha ya pili. Tangu mkutano wa Bangkok wa mwaka 2013 ipo hati maalumu ya ala za muziki ambayo hudumu hadi miaka mitatu na kutumika katika safari nyingi. Tungependa vikundi vyetu vya ngoma viiombe kabla ya kwenda nje, badala ya kulia mbele ya ofisa wa nchi ya watu.

Juu ya ushuru, sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu vitu vya kutumiwa kwa muda viingizwe bila kulipiwa, kwa kipindi kisichozidi miezi 12, kwa idhini na dhamana, ilimradi virudi vilikotoka. Sheria ni nzuri. Ugumu uko mezani, pale bendi inapofika saa nane za usiku bila orodha, na ofisa hana namna ya kujua kama spika kumi zilizoingia ndizo zitakazotoka. Hapo ndipo mazungumzo ya pembeni yanapozaliwa, na kila askari anajua tunasema nini.

Tena ofisa asitazame vyombo tu akawasahau watu. Papa Wemba, mwimbaji mkubwa wa Kongo aliyefariki mwaka 2016, alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, na mwaka uliofuata mahakama ya Bobigny ikamtia hatiani kwa kuwaingiza watu Ulaya kwa jina la kuwa wanamuziki wake. Alipewa kifungo cha miezi 30, kati yake 26 ikiahirishwa. Wapo maofisa wanaodhani dawa ni kumwambia kila mmoja apige gita palepale. Twaona hilo halitoshi, na kwa wengine ni uonevu: fundi wa mitambo, mbeba spika na mcheza ngoma ni watu halali wa bendi, na hakuna hata mmoja wao ajuaye kushika nyuzi. Kinachofaa ni majina yaliyoletwa mapema na aliyewaalika, yakiwa na kazi ya kila mtu, na kuulizwa maswali ya kazi hiyo.

Bendi za jeshi na za polisi katika nchi zetu husafiri vilevile, hasa majeshi ya Jumuiya yanapokutana kwa michezo na utamaduni. Ngoma zao na tarumbeta zao hutoka ghalani kwa orodha iliyotiwa sahihi na mtunza ghala, kila chombo na namba yake, nakala moja ikibaki kambini na nyingine ikifuatana na mzigo. Hurudi kwa orodha ileile, na kikikosekana chombo kimoja mtu huulizwa. Tunapendekeza forodha ya Entebbe, ya Nairobi, ya Dar es Salaam na ya Kigali zikubaliane juu ya karatasi moja ya namna hiyo kwa bendi za raia: jina la chombo, namba iliyopigwa nyuma ya kichwa cha gita au ndani ya tundu lake, muhuri wa kutoka na muhuri wa kurudi. Mwanamuziki aijaze kabla ya kufika kiwanjani, na askari alifungue kasha akiwa na karatasi hiyo mkononi.